Dhahabu hailiwi, mbona bei iko juu hivyo?

SWALI: Shikamoo mhariri. Bibi kaniachia hereni za dhahabu, sonara kazipima kwenye kamizani kake akanitajia hela mpaka nikashtuka. Hivi kitu hakiliwi, hakijengi nyumba, thamani inatoka wapi? – Msomaji, Geita

JIBU: Marahaba mwanangu. We ziangalie hizo hereni, bibi kazivaa miaka yote na jasho na sabuni na bado zinang'aa, chuma kingeshaliwa na kutu zamani na hata fedha ingeshakuwa nyeusi. Halafu ni adimu, yote iliyowahi kuchimbwa duniani ni kama tani laki 2 tu, na huko kwenu mnajua wenyewe, unasaga tani nzima ya mawe unaambulia gramu chache. Inayeyushwa, inagawanywa, haiharibiki, ndo ikawa hela. Kilwa ilitajirikia dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, kabla Mreno hajatia mguu, na thamani ya dola yenyewe ilifungwa kwenye dhahabu mpaka Rais Nixon wa Marekani alipokata kamba hiyo 1971. Kilichobaki ni kuaminiana tu, kila mtu anajua mwenzie ataipokea. Ila muulize sonara karati, yaani kipimo cha usafi wa dhahabu, maana ya 18 dhahabu ni asilimia 75 tu, na kabla hujauza kapimishe kwa mwingine.