Maswali na Majibu: Fundi asiondoke na nywila yako

Nina katovuti kangu ka kuuza mawese hapa Ujiji. Nani atahangaika kukavamia?
Programu. Haijui Ujiji wala mawese. Inapita tovuti hadi tovuti, ikikuta ukurasa wa kuingilia inajaribu nywila moja baada ya nyingine. Juzi nilifungua kumbukumbu za seva ya mteja wangu muuza dagaa wa Kibirizi. Saa nane usiku, mstari chini ya mstari: wp-login.php, wp-login.php (ndio ukurasa wa kuingilia wa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti), kila baada ya sekunde mbili mpaka alfajiri. Ikiingia, tovuti yako inageuzwa ya kuwatumia watu barua pepe za utapeli.

Jina la kuingilia la “admin” lina ubaya gani?
Umeshampa mwizi nusu ya ufunguo. Aprili 2013 wimbi zima la mashambulizi lililenga tovuti za WordPress zenye jina hilohilo.

Nywila yangu ni kigoma2024. Ina herufi na namba, inatosha?
Haitoshi, na swali hili linarudi kila wiki. Jina la mji na mwaka ni vitu vinavyojaribiwa mapema kabisa. Unganisha maneno manne au matano yasiyohusiana, na usiyatumie kwingine. Mwaka 2009 nywila zaidi ya milioni 32 zilivuja kutoka kampuni ya RockYou, na orodha ile bado inatumika kubahatisha.

Shikamoo kaka. Fundi wangu ndiye anayetunza nywila. Kuna shida?
Marahaba. Shida ipo, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Fundi anatengeneza tovuti kumi, kutoka Mwanga mpaka Kasulu, zote nywila moja: jina lake na 123. Ikipatikana ya mmoja, kumi wameibiwa. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alinijia tovuti yake ikiwa imejaa matangazo ya kamari. Fundi kahama mji, simu haipatikani, na domeni, yaani anwani ya tovuti, imesajiliwa kwa barua pepe ya fundi. Tulianza upya kwa jina jingine, na wateja aliowazoesha anwani ya zamani wakapotea. Kabla hujamalizia malipo, dai akaunti ya msimamizi iwe yako na domeni iwe kwa barua pepe yako. Fundi apewe akaunti yake, ambayo unaweza kuifuta.

Nimeweka kikomo cha kujaribu nywila mara tano. Nimemaliza?
Bado. Majaribio huja kutoka anwani nyingi za mtandao kwa zamu. Washa uthibitisho wa hatua mbili (nywila, kisha namba ya muda kwenye simu yako), na funga xmlrpc.php, mlango mwingine wa kuingilia WordPress, kama huutumii.

Na kamera ya dukani?
Hiyo pia. Mwaka 2016 programu ya uvamizi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu nywila za kiwandani zipatazo 60 tu. Badilisha kabla hujaifunga ukutani.