Vipete vya Rujewa

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikausikiliza tena na mama yako. Yeye alisema, "Mwanao anakuuliza wewe kwa sababu anajua nani mtoto humu ndani," akaenda zake jikoni. Umeuliza: mtu akishafika miaka thelathini, ana kazi ya zamu na mtoto wa kulea huko Jeddah, afanyeje asipoteze ule mshangao wa utotoni? Unasema mjukuu wangu aligoma kuondoka chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji mpaka ukachelewa kazini, na wewe ulichokiona pale ni uchafu ukutani.

Kuhusu umri sina la kukuambia. Nitakujibu kuhusu aibu, maana hili nimelisema tangu mko wadogo: mshangao haumalizwi na umri, unamalizwa na aibu. Mtoto wetu tunamfundisha mapema kwamba kushangaa ni ushamba. Akitazama ghorofa anavutwa mkono: "Twende, unashangaashangaa nini kama umetoka porini jana!" Akifika darasa la saba ameshajua kutembea na uso wa mtu aliyekwisha yaona yote.

Rujewa unaikumbuka, usiniambie hukumbuki. Alhamisi, tarehe 1 Septemba 2016, siku jua lilipopatwa. Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, unangoja chuo. Nilifunga kibanda siku nzima, wateja wa sare za shule wakanuna, tukatoka na baridi yetu ya Makambako tukashuka kwenye joto la Usangu, mimi nimevaa ile kaunda suti ya kijivu niliyojishonea mwenyewe, bibi yako katikati yetu kwenye kiti cha basi. Njiani alituambia kitu ambacho redio haikukisema vizuri: jua haliwezi kupatwa ila mwezi ukiwa karibu kuandama. Alikuwa anahesabu siku za Idi Kubwa, basi kwake hilo lilikuwa wazi. Na kweli, ndivyo ilivyo. Lazima mwezi upite kati yetu na jua, na mwezi wa namna hiyo hauonekani usiku.

Pale uwanjani watu walikuwa wengi, miwani michache. Ilipita mkono kwa mkono, kila mtu dakika yake, na wewe ukaenda na wale rafiki zako kupanga foleni. Bibi akakataa. Alisema macho yake yana mtoto wa jicho, hawezi kushindana na jua. Akaketi chini ya mwembe akatazama ardhi. Ndiye aliyeita wa kwanza: "Njooni, jua limeanguka vipande!"

Ile michirizi ya mwanga inayopita kati ya majani ilikuwa imekuwa vimwezi vichanga, mamia, vyote vimeelekea upande mmoja. Karibu saa sita mchana, mwezi ulipofika katikati, vikafunga vikawa vipete. Siku ile mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, umbo lake likaonekana dogo kuliko jua, haukuweza kuliziba lote, ukaacha mzingo wa moto kwa dakika kama tatu. Na kila upenyo kati ya majani, kama ni mdogo vya kutosha, huchora jua lenyewe chini. Hata leo, siku ya kawaida tu, yale madoa ya duara unayoyakanyaga chini ya mti ni picha za jua. Nilikuwa nimeyakanyaga maisha yangu yote.

Bibi akatandika kaniki yake. Mimi chaki ya kushonea haitoki mfukoni, unanijua. Nikapiga magoti nikaanza kuvizungushia vile vipete alama, upepo unavisogeza, mimi navifuata, watoto wa pale wananielekeza, "Babu, kile! Babu, kile!" (nilikuwa bado hata sijawa babu), na bibi yako anacheka mpaka kilemba kinamvuka. Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena. Harusi yako, labda.

Ndipo ukaja ukasema, "Baba, inuka basi. Watu wanatuangalia."

Nikainuka. Nikajipangusa magoti. Vipete vikaendelea bila mimi, kisha vikafunguka upande wa pili.

Sikulaumu. Ulikuwa na rafiki zako, na mmoja wao alikwisha nibatiza jina. Sisemi ulikosea. Hapa nilikuwa nimeandika sentensi nyingine, nimeifuta, mama yako ameiona na amesema nimefanya vizuri.

Ngoja pia nijipinge kabla hujanipinga wewe. Aibu ina kazi yake. Mtu anayeshangaa ovyo Kariakoo anarudi nyumbani bila pochi. Muuguzi anayesimama kutazama tone la maji wakati mgonjwa anamwita si muuguzi. Na mjukuu wangu ana nafasi ya kukitazama kiyoyozi kwa sababu kuna anayelipa umeme wake. Kwa hiyo labda ni uchovu, si aibu? Nimelifikiria hilo wiki nzima kwenye mashine. Lakini mimi nilichoka vilevile, nyinyi watatu mko shule, sare za watu zimenifika shingoni, na bado cherehani ilinishangaza na hadi leo inanishangaza. Tundu la sindano yake liko nchani, si nyuma. Sindano inashuka, inaacha kitanzi kidogo cha uzi chini ya kitambaa, kile kichuma kinachozunguka kinakinyaka, kinakipitisha kwenye uzi wa bobini, na nyuzi mbili ambazo hazikuwahi kukutana zinafungana. Najua kila hatua, nimeifungua na kuifunga mara zisizo na idadi. Kujua hakujaniondolea kitu. Kwa hiyo narudi palepale: ni aibu. Kwenye kibanda changu hakuna wa kunicheka.

Tena ukijua zaidi ndiyo unazidi kushangaa. Waliokwenda mwezini waliacha vioo kule, na hadi leo wataalamu hupiga mwanga wa leza ukaenda ukarudi, wakapima. Wamekuta mwezi unatuacha sentimita 3.8 kila mwaka, karibu upana wa pindo la suruali. Utakuja wakati, mamilioni mengi ya miaka mbele, mwezi usiweze tena kulifunika jua lote hata siku moja. Sisi tumezaliwa wakati bado unatosha.

Umeuliza kama wewe umeshaupoteza. Jibu ninalo na linaniwasha, ila nakuachia kwanza hadi mwakani. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote, na Jeddah na Makka zimo katika njia ya kivuli. Huko kwenu giza litakaa karibu dakika sita. Mama yako amekubali tuje Umra wakati huo, japo anajua kabisa kinachonileta. Miwani nunua mapema, ile iliyothibitishwa, usimwachie mtu akuletee karatasi ya eksirei. Mtoto umfundishe kuivaa sasa. Kama mtaani kwenu hakuna mti, chukua lile chujio la tambi lenye matundu, ulishike juu ya shuka, utaona. Chaki nitakuja nayo mimi.

Siku hiyo ni Jumatatu na giza litaingia mchana, kwa hiyo omba ruhusa kazini mapema. Na vitenge alivyokutumia mama yako, vimefika au havijafika? Anauliza kila siku.

Baba yako