Kiinitete kipi kitashika? Maswali yenu kuhusu upandikizaji wa viinitete, yaani mimba changa zilizotungwa maabara (IVF)

*Nina viinitete viwili, kimoja 4AA na kingine 3BC. Hicho cha pili kitupwe? (Msomaji, Nairobi)*

Hapana, dada. Alama hizo zinatokana na mfumo wa Gardner wa mwaka 1999 wa kupima ubora wa viinitete. Namba, kuanzia 1 hadi 6, inaeleza kiinitete kimetanuka kiasi gani na kama kimeanza kutoka kwenye ganda lake. Herufi ya kwanza ni ya seli za ndani, zitakazokuwa mtoto; ya pili ni ya seli za nje, zitakazokuwa kondo. A ni bora, C ni ya chini. C yako ina maana seli za nje ni chache. Anayepanga alama ni mtu anayetazama kwa darubini, na wawili wanaweza kutofautiana. Tangulizeni 4AA. Hicho kingine, maabara ikiona kinafaa, kigandishwe: watoto wazima huzaliwa kutoka viinitete vya alama za chini.

*Tumeshauriwa kulipia kipimo cha kromosomu (nyuzi za seli zinazobeba urithi). Kinaongeza nafasi ya kupata mtoto? (Mume, Dar es Salaam)*

Inategemea umri wa mama, na hapa ndipo wengi hutoa pesa bila kuuliza. Siku ya 5 au ya 6 tangu yai lirutubishwe hunyofolewa seli chache za nje, kiinitete kikagandishwa kusubiri majibu. Kipimo huchagua tu kati ya vilivyopo; kibovu hakikirekebishi. Utafiti wa China uliochapishwa 2021 ulifuatilia wanawake 1,212 wa miaka 20 hadi 37, kila mmoja akiwa na viinitete vizuri visivyopungua vitatu. Waliopima, asilimia 77.2 walijifungua, wasiopima, 81.8. Mkeo akiwa na miaka 30 na viinitete vya kutosha, mimi nisingelipa. Akiwa amevuka 40, ambapo zaidi ya nusu ya viinitete huwa na kromosomu zenye kasoro, kipimo kinaweza kumwepusha na mimba zinazoharibika.

Mkiambiwa kiinitete kina seli mchanganyiko, nzima na zenye kasoro, msikubali kitupwe haraka. Mwaka 2015 madaktari wa Italia waliripoti watoto wenye afya kutokana na viinitete vya aina hiyo.

*Hakuna kipimo kisichokigusa kiinitete? (Msomaji, Mombasa)*

Kinajaribiwa: kupima DNA ya kiinitete inayovuja kwenye maji ya kukikuzia. Tatizo ni kwamba DNA ya mama nayo huingia humo, na majibu yanaweza kupotosha. Na zile kabati za kukuzia viinitete zenye kamera, zinazopiga picha mfululizo? Utafiti wa Uingereza na Hong Kong uliotoka 2024 haukuona kwamba zinaongeza watoto wanaozaliwa.

*Siku ya nne tangu nipandikizwe nimepima mkojo, mstari mmoja. Ndiyo basi? (Mama mtarajiwa, Arusha)*

Umewahi mno, mama. Homoni ya hCG, ambayo kipimo cha mimba huitafuta, huanza kutolewa kiinitete kikishajishika, na mwanzoni huwa kidogo sana. Subiri kipimo cha damu siku uliyopangiwa, kwa kawaida kati ya siku ya 9 na ya 14. Na tafadhali, dawa za projesteroni, homoni inayotegemeza mimba, usiziache kwa sababu ya huo mstari.