Kabla ya kununua gundi, pita kwa fundi cherehani

Kwenye droo ya jikoni kwangu kuna bunduki ya gundi, ile ya kuchomeka kwenye umeme. Niliinunua shilingi 18,000. Juu yake nikaongeza vijiti vya gundi, riboni za rangi tatu, shanga za plastiki na pakiti mbili za maua ya bandia. Nilikuwa nimeona video ya dada mmoja akigeuza chupa tupu kuwa pambo la meza kwa dakika nne, nikajisemea, hili hata mimi naliweza. Kuja kupiga hesabu, elfu 41 zimekwenda. Na pambo lenyewe? Mwanangu alirudi shule, akaliangalia, akauliza kama limeanguka.

Siku hizi zawadi nyingi ninazopeleka kwa watu, na karibu kila kilichopo sebuleni kwangu ukiacha makochi na televisheni, nimekitengeneza mwenyewe, na sidhani kama kwa mwaka mzima natumia hata hizo elfu 41. Ufundi wangu haujaongezeka kiasi hicho. Mpaka leo ukinipa cherehani nishone mstari ulionyooka, utacheka. Ila zamani nilikuwa naona picha kwanza, ndipo nakimbilia dukani kutafuta vifaa vya kuifuatisha. Sasa naangalia kwanza kitu gani kimelala bure hapa mtaani, halafu ndiyo nawaza kinaweza kuwa nini. Kwa sisi tunaokaa Tanga vitu hivyo vinajulikana: vipande vya vitenge, vifuu vya nazi, kamba ya katani na makopo.

Tuanze na vitenge. Chini ya meza ya kila fundi cherehani kuna kiroba cha vipande. Wengine wanavitupa, wengine wanawauzia watu wa kujaza mito. Mara ya kwanza nilikwenda kwa fundi anayenishonea, nikampa buku ya soda, nikaruhusiwa kuchambua kiroba chote. Chagua pamba tupu. Vitambaa vinavyoteleza vinachanika nyuzi ukingoni na vitakusumbua. Ukifika nyumbani loweka vipande vyako kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, vyekundu na vya buluu kila kimoja beseni lake, maana kitenge kipya kina wanga mwingi na gundi haikishiki vizuri. Anika kivulini, piga pasi. Hatua hii watu wengi wanairuka, ndiyo maana kazi yao inatoka na mikunjo.

Kazi ya kwanza ya kujifunzia iwe kopo. La Africafe, la Blue Band, la maziwa ya mtoto, lolote lenye mdomo usiokata. Pima mzunguko wake kwa kamba, ongeza upana wa kidole kwa ajili ya kupandiana, na ukingo wa juu ukunje kwa ndani na kuupiga pasi kabla hujagusa gundi. Anza pale kopo lenyewe lilipoungwa ili maungio mawili yakae sehemu moja, kisha sukuma kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ya zamani ya plastiki hadi mapovu yote yatoke. Toboa chini kwa msumari, panda mshubiri, weka dirishani. Usipotoboa linakaa kalamu, au miiko jikoni.

Kuhusu gundi nilipata funzo langu. Bibi zetu walibandika kwa uji wa ngano: vijiko viwili vya unga, kikombe cha maji, unakoroga ungali baridi, halafu unabandika motoni hadi ushike. Unafanya kazi, tena vizuri, na karibu ni bure. Nilitengeneza makopo sita kwa uji huo, nikayapanga juu ya kabati la vyombo. Baada ya mwezi nikakuta kitenge kimetobolewa vijitundu kama chekecheke. Mende walikuwa wanakula chakula cha usiku. Tangu hapo uji wa ngano nautumia kwa kazi za karatasi za watoto tu, na vitu vya kudumu nabandikia gundi nyeupe ya maseremala, nikiizimua kwa maji kidogo. Chupa ndogo inanitosha miezi.

Kifuu ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho watu wanachokidharau kuliko vyote. Nyumba ya pwani inakuna nazi karibu kila siku, na kila nazi inaacha vifuu viwili. Uzuri wa kazi unaanzia kwenye kuvunja. Ukiipiga nazi ovyo inapasuka kombokombo. Ishike kiganjani, igonge kwa mgongo wa panga katikati ya tumbo lake, huku ukiizungusha kidogo kidogo kila pigo. Itaachia mstari wenyewe. Ukishakuna, loweka vifuu usiku mmoja, asubuhi nyuzinyuzi za nje zitakuwa zimelainika. Zikwangue kwa kisu butu, kisha piga msasa namba 80 mpaka vipele viishe, halafu namba 220. Hapo ndipo utashangaa. Chini ya ile sura ya takataka kuna rangi ya kahawia iliyoiva, yenye michirizi, kama mbao ya mninga. Paka mafuta ya nazi kwa kitambaa, kidogo tu, acha siku moja, paka tena. Ukizidisha kinanata na kuvuta vumbi.

Sasa angalia. Katika vifuu viwili vya nazi moja, kimoja kina macho matatu, na jicho moja kati ya hayo ni laini. Lisukume kwa msumari, limefunguka. Una kisahani cha sabuni ambacho tayari kina tundu la kutoa maji. Kifuu kina tabia ya kuyumba, kwa hiyo kinahitaji kiti: sokota kamba ya katani kama ngata ya kubebea ndoo kichwani, ila ndogo, ishone kwa uzi, ibandike chini. Kile kisicho na macho unawekea chumvi mezani, au funguo, au hereni. Vitatu vya ukubwa unaopishana, vimeingiana, vimefungwa katani, vinatosha kuwa zawadi ya mtu aliyehamia nyumba mpya.

Mshumaa usiweke humo. Najua picha zinapendeza. Mimi nilikusanya mabaki ya mishumaa, nikayayeyusha kwenye kopo ndani ya sufuria ya maji, nikasimamisha utambi, nikamimina. Umeme ulipokatika nikauwasha kwa mbwembwe mbele ya wageni. Utambi ukalala upande mmoja, ukagusa ukingo, na kifuu kikashika moto kweli kweli. Nilikuwa nimesahau kwamba bibi yangu alikuwa akiwashia jiko la mkaa kwa vifuu hivyohivyo. Mshumaa mimina kwenye glasi nene au kikombe cha bati.

Kamba ya katani, kwa mtu wa Tanga, ni kama mchanga kwa mtu wa ufukweni. Mpira mmoja nilionunua kwa 4,000 ulinizungushia mitungi ya jamu saba na bado ukabaki wa kufungia zawadi. Kila nikiushika nakumbuka kwamba mkonge, mmea unaotoa katani, si wetu wa asili. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta mwaka 1893 kutoka Florida, na inasimuliwa kwamba kati ya vimea 1,000 alivyoagiza vilivyofika vikiwa hai ni 62 tu. Mashamba yote yale unayoyaona kuanzia Muheza hadi Korogwe! Basi. Ukizungusha katani kwenye mtungi, paka gundi mizunguko mitatu ya kwanza na mitatu ya mwisho tu, katikati vuta kwa nguvu, haitateleza. Vile vinywele vinavyochomoza vipitishie moto wa kiberiti haraka haraka ukiwa nje, kabla hujaweka kitu kingine chochote.

Ukili, ule utepe wa kusuka kwa majani ya ukindu, nao unafaa, lakini hapo nasema wazi: usijidanganye kwamba utajifunza kusuka kwa wikiendi moja. Nilijaribu, vidole vikagoma. Nenda sokoni, nunua pima mbili za ukili uliokwisha sukwa na kutiwa rangi, kisha wewe uzungushe na kuushona kwa sindano ya mkeka upate duara la kuwekea sufuria ya moto mezani. Na huyo mama anayekuuzia usimkamue bei. Kuchuma ukindu, kuukausha, kuuchana, kuuchemsha na rangi na kuusuka ni siku nzima za maisha yake.

Nimefika kwenye kanga, na hapa nina kisa.

Mama yangu aliacha sanduku la kanga. Baadhi zimechakaa katikati, hazivaliki wala hazibebi mtoto, lakini pindo ni zima na jina linasomeka. Kanga ya namna hiyo usiifanye dekio. Kata kipande chenye jina, yaani yale maneno yake, acha sehemu ya mji, ile ya katikati, juu yake na pindo lote chini. Kama ukingoni pana yale maandishi madogo, alama ya mfanyabiashara aliyeitoa kanga, kwa mfano K.H.E. Mali ya Abdulla, yaache yaonekane, ndiyo utamu wenyewe. Kivute juu ya boksi gumu, kishone kwa nyuma ukipitisha uzi huku na huku kama unafunga kamba za kiatu. Usibandike kwa gundi, itajitokeza mbele kama doa la mafuta. Fremu natafuta za mitumba siku ya mnada, picha iliyomo siijali, naitoa. Sebuleni kwangu zipo tatu, na hakuna mgeni aliyewahi kupita bila kusimama kuzisoma.

Kwa kuwa zilipendwa, nikaamua wifi yangu aliyefungua duka nimpelekee moja. Nikachagua yenye rangi nzuri kuliko zote, nyekundu na nyeusi, pindo la korosho. Jina lake: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Mimi niliona rangi. Wala sikukumbuka kwamba duka lake la nguo za watoto lipo milango mitatu kutoka kwa rafiki yake aliyemfundisha biashara hiyo, na kwamba mtaa mzima ulikuwa unalisema jambo hilo. Siku mbili baadaye akaja mtoto wake, kasimama mlangoni: "Shangazi, mama anasema amesoma." Akaondoka. Ilinichukua mwezi mzima, na doti mpya ya kanga yenye jina la mahaba, kuyamaliza.

Kwa hiyo ukitoa kanga ya fremu, soma jina kwanza kwa macho ya anayepokea. Kwa sababu kanga haijawahi kuwa kitambaa tu kwetu, ukimtundikia mtu maneno ukutani ameambiwa.

Kufungia zawadi, natumia vile vipande vikubwa vya kitenge kutengeneza mifuko ya kuvuta kwa kamba. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mfuko wa kitambaa unatunzwa, mtu anaendea nao sokoni. Wakati mwingine nasikia mfuko umesifiwa kuliko kilichokuwa ndani, nanyamaza.

Kitu kingine ambacho hakimo kwenye video: tengeneza vingi vya aina moja kwa mkupuo. Kifuu cha kwanza kitakula saa mbili zako. Cha sita kitakula dakika arobaini na kitakuwa kizuri zaidi. Mimi nafanya sita sita, viwili vya mwanzo vinabaki nyumbani, vinne vinasubiri kwenye kabati sikukuu au mtoto atakayezaliwa. Hivyo siku ya arobaini ya jirani haikukuti unahangaika na gundi mbichi usiku wa manane.

Na tuambizane ukweli, si kila shughuli inataka kazi ya mkono. Kwenye kitchen party bibi harusi anahitaji sufuria, jiko na vyombo. Lipa mchango wako kama wenzako, halafu kisahani chako cha kifuu kiwe nyongeza juu yake. Ukienda na kifuu peke yake wakati kamati imeshakuandika kwenye daftari, hakuna msasa utakaoisugua hiyo aibu. Lakini kwa mwalimu wa mtoto, kwa jirani aliyekulindia nyumba ulipokwenda msibani, kwa shoga aliyejifungua, hapo ndipo vitu hivi vinapokaa mahali pake. Mwalimu wa mwanangu bado anaweka chaki kwenye kopo nililompa miaka miwili iliyopita, kitenge kimepauka upande wa dirishani.

Ukitaka kuanza wiki hii, anza na kiroba cha fundi. Wangu hufagia Jumamosi jioni, na akishafagia kila kitu kinakwenda jalalani. Nikitaka vipande vizuri nafika saa tisa, na buku yangu ya soda mkononi.