Simu haijaua undugu, ila imemwondoa mtu wa katikati

Wakuu, salaam. Mleta mada ameuliza kama simu janja zimeua undugu, akatoa mfano wa grupu la ukoo wao: salamu na picha za maua kila asubuhi, huku mama yao kule Kasulu ameugua wiki nzima na hakuna aliyejua. Wengi hapo juu mmejibu kwamba ndiyo, zimeua. Mimi ni wa Ujiji, Kigoma, nimekulia hapa na bado nipo hapa, na ninaona tofauti kidogo. Mnivumilie, ni ndefu.

Miaka ya tisini mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa barua mtaani kwetu. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nasoma bila kukwama, basi kina mama wakawa wananiita. Za Dar es Salaam zilikuja na treni zikapitia sanduku la posta la shule. Za ndugu wa Kirando zilikuja mkononi mwa abiria wa meli ya MV Liemba. Karibu zote zilianza vilevile: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu.

Bibi mmoja jirani alinipa sharti ambalo sijalisahau. Soma kwanza kimya, mpaka mwisho. Ukikuta jambo zito, funga barua, sema unakuja, kamwite mtu mzima. Kwa hiyo habari ya msiba ilimkuta mwenyewe ana watu wawili watatu wameshakaa naye mkekani.

Redio nayo ilikuwa hivyo. Wakubwa mnakumbuka matangazo ya vifo ya Redio Tanzania Dar es Salaam, "habari ziwafikie" fulani na fulani popote walipo. Mara nyingi jirani alisikia kabla ya mfiwa. Hakuja akipiga kelele. Alikuja akaketi, akaulizia watoto, akasubiri wenzake wafike.

Na hapa hapa Ujiji, mwaka 1871, Stanley alimletea Livingstone furushi la barua zilizokuwa zimekwama Unyanyembe, huko Tabora. Mzee yule alikuwa amekaa muda mrefu bila habari za kwao, lakini aliliweka furushi magotini, akasoma barua moja mbili za wanawe tu, kisha akataka kuzungumza na mgeni. Barua nyingine zingesubiri, mtu alikuwa mbele yake.

Sasa tusisifu ya zamani kupita kiasi. Mke aliyekuwa anapigwa angemwandikiaje kaka yake, wakati mwandishi wa barua ni mtoto wa nyumba ya pili? Hata simu za mwanzo, miaka ya 2000, mtaani kwetu ilikuwa ya mwenye duka, na duka zima lilisikia unayosema. Kuwa na simu yako mwenyewe kumewafungua watu wengi vifungo. Kina mama wanaoanika dagaa pale Kibirizi leo wanampigia mnunuzi wa Dar wenyewe na kuijua bei, hawangoji dalali awaambie anachotaka yeye. Hilo silirudishi nyuma kwa gharama yoyote.

Kilichoondoka ni yule mtu wa katikati, aliyeijua habari kwanza akaja kuketi nawe, na nafasi yake hatukuijaza. Kuna mama mtaani kwetu anakaanga samaki aina ya mgebuka sokoni. Hajui kusoma. Mwanawe alifariki ugenini, na ndugu mmoja akaitupia taarifa kwenye grupu la familia, kwa nia njema kabisa, ili wote wapate mapema. Simu ya mama ikalia. Akampa mteja amsomee. Mteja akasoma kwa sauti kile alichokiona, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kusoma kimya kwanza. Mama alianguka pale pale kando ya jiko. Nilikuwepo, na kila nikiona msiba unatangazwa kwenye grupu kabla wazazi hawajafikiwa, damu inanichemka.

Kwetu tumekubaliana hivi: kifo au ugonjwa mzito hauandikwi popote mpaka aliye karibu na mhusika apigiwe, aende kwa miguu, na ajibu "nimeshafika". Hata ichukue saa tatu. Grupu linaweza kungoja.

La pili, mama yangu pia hajui kusoma, kwa hiyo hatumwandikii, tunamrekodia sauti. WhatsApp ina huduma hiyo tangu 2013, na kwake ndiyo iliyomrudisha kwenye mazungumzo ya nyumba yake mwenyewe. Ukimpigia anaharakisha, anaogopa salio lako litaisha. Akirekodi hana haraka. Anasalimia kwa Kiha, anamtaja kila mjukuu kwa jina, kisha katikati ya habari za kuku anakutolea jambo ambalo kwenye simu asingelisema kamwe. Kwamba goti la kulia linamsumbua, nilijua hivyo.

Na hela. Tangu M-Pesa ianze nchini 2008 tumezoea kutuma kwanza na kuongea tukipata nafasi. Mpigie kabla ya kutuma, muulize anaendeleaje, ndipo utume.

Sasa mkuu mleta mada, grupu kubwa kama lenu haliwezi kumwona mtu aliyenyamaza, kila mmoja anadhani mwenzake ameshauliza. Tiki za bluu zinakuonyesha ujumbe umefunguliwa, basi. Iteni kikao ndugu wa tumbo moja, nje ya grupu. Mmoja apangiwe kumpigia mama kila jioni akishakula. Tafuteni jirani yake mmoja pale Kasulu, mwenye utu, namba yake muwe nayo wote, na mara mojamoja mumtumie vocha bila kungoja tatizo. Akiwa na kitochi inatosha, kazi yake ni kutembea mpaka mlangoni kwa mama na kuwaambia alichokiona. Ila mwombeni mama ruhusa kwanza, achague yeye jirani gani, maana si kila jirani anamtaka ndani kwake.