Barua kwa mwanangu: ile nyumba ya Ilazo

Babaangu,

Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu. Unasema umepata nyumba Ilazo huko Dodoma, vyumba vitatu kimoja masta, fensi imezunguka ila haijapigwa plasta, wanataka milioni 95, na dalali anakwambia fanya haraka kuna mteja anakuja Jumamosi na keshi mkononi. Halafu unauliza, "mama, wewe ungetoa ngapi?"

Huyo mteja wa Jumamosi mimi namjua. Yupo tangu enzi za Mwinyi. Kila nyumba niliyowahi kwenda kuangalia na yeye alikuwa anakuja Jumamosi, na sijawahi kumwona hata kisigino.

Namba tutaona huko mbele kama nitaitaja. Kwanza nijibu wewe, anauza kwa nini? Umenitumia picha kumi na nne, gipsam, taizi, masinki, mpaka taa za getini, ila kuhusu mwenye nyumba hujaniambia hata neno moja. Nimeshasema na nitasema mpaka mnizike, nyumba haina bei, mwenye nyumba ndo ana bei.

Ile ya Tabata unaijua kwa juu juu, baba yako alikuwa anaisimulia kwa kukimbiza. Ilikuwa 1994, tumepanga Buguruni, wewe bado uko mgongoni. Mzee mmoja mstaafu wa reli anauza nyumba aliyoijenga mwenyewe tofali kwa tofali, anataka milioni tatu na nusu. Sisi tulikuwa na milioni tatu na laki moja, akiba ya baba yako, michezo yangu miwili ya upatu, na hela ya cherehani ambayo ndo hiyo sikuinunua tena. Mimi nikatangulia peke yangu siku ya katikati ya wiki, nimekubeba, nikajifanya naomba maji ya kunywa. Mkewe akanikaribisha jamvini, tukachambua mchele wote mpaka ukaisha. Mpaka naondoka najua kila kitu. Wanarudi kwao Kigoma kabla ya mvua, mzee akipata hata milioni tatu anafunga mizigo, kinachomuuma ni kimoja tu, mwembe wake wa uani, hataki mtu wa kuja kuukata.

Nikamwambia baba yako. Akacheka, akasema mambo ya miembe ni maongezi ya wanawake. Jumapili yake kaenda kuazima Peugeot 504 ya bosi wake, kavaa suti, kamchukua na mjomba wako, mimi nyuma na kikapu, hela zote zimo humo chini ya mchicha kwa sababu alisema muuzaji akiona noti moyo unalainika. Tumefika, hata kukaa bado, anaanza kugonga ukuta kwa vidole, ko, ko, ko, "hapa simenti mlibania." Akaonyesha ufa juu ya dirisha. Akauliza choo kilichimbwa futi ngapi. Mzee anamfuata nyuma kimya, mikono kaifunga mgongoni. Wakatoka uani, baba yako akautazama mwembe juu mpaka chini akasema, "na hili itabidi liondoke, mizizi inakula msingi." Halafu ndo akataja milioni mbili na laki mbili.

Mzee hakukasirika, afadhali angekasirika. Alisema tu, "chai yenu inapoa." Tukanywa chai, tukaaga, tukarudi na gari letu la kuazima.

Wiki mbili baadaye nakutana na mkewe sokoni Buguruni. Wameshauza kwa mwalimu mmoja. Nikamuuliza bei, akaniangalia kama anayenionea huruma, milioni mbili na laki nane. Yani laki tatu PUNGUFU ya hela iliyokuwa kwenye kikapu changu! Mpaka leo daladala ikipita pale nageuza shingo upande wa pili, na abiria wenzangu wanadhani nina matatizo.

Sasa usije ukaelewa nasema utoe hela yote uliyonayo, hapana. Baba yako baada ya lile pigo alipata ugonjwa wa upande wa pili, tulivyokuja kununua Kitunda hakuuliza kitu, alitajiwa bei akahesabu noti, muuzaji mpole ana salamu ndefu, na kesi ya ule mpaka unaikumbuka, miaka sita baraza la kata. Kwa hiyo upole peke yake nao hausaidii, wapole wengine ndo wezi wenyewe. Na ukweli usemwe, ule ufa baba yako aliuona sawasawa, mwalimu alikuja kubomoa upande ule wote akajenga upya. Na mwembe aliukata 2006. Yani mzee wa watu alidanganywa, ila kistaarabu. Sijui nikufundishe nini hapo.

Basi fanya hivi. Wewe mwenyewe, sio dalali, kafanye search ardhi, uone hati ina jina la nani na haijawekwa dhamana benki. Kama ana mke, mke asaini ridhaa, bila hiyo kesho anakuja kukwambia nyumba ya ndoa haikuuzwa. Risiti za kodi ya pango la ardhi uzione. Ushuru wa stempu asilimia moja ni wako, kwa bei hiyo ni laki tisa na nusu, usije ukamaliza hela zote kwenye nyumba halafu unipigie simu usiku. Maji ya Dodoma usiulize kwa muuzaji, nenda siku ya mgao, uliza majirani. Na kitambulisho cha wizarani kivue shingoni. Tangu serikali ianze kuhamia huko 2016 kila mwenye nyumba anaona kila mnunuzi ni mkurugenzi, kitambulisho chako ndo Peugeot ya baba yako.

Halafu mwende na mkeo, akae na mama wa pale. Mi nataka kujua wanaenda wapi wakishauza. Mtu anayehamia alikojenga kubwa zaidi na mtu anayeuza kwa sababu ya mgonjwa hawana bei moja hata kama wote wameandika 95, nimeshakwambia nyumba haina bei.

Namba sitaji. Aliyetaja mapema tuliona. Ningekuwa mimi nimeshajua sababu yao, na hati iko safi, ningeanzia... hapana, unaishi wewe humo sio mimi. Ila themanini na mbili sio tusi. Sijasema utoe, nimesema tu sio tusi.

Na ile picha ya tisa, dari la chumba cha nyuma, lile doa la kahawia kwenye kona ni kitu gani? Nipigie picha kwa karibu.

Mama yako