Mtoto wa Masaki kucheza singeli haimaanishi matabaka yamekufa

Mkuu umeuliza kama hoja ya Bourdieu, yule mwanasosholojia wa Ufaransa, kwamba ladha ya mtu inafuata tabaka lake bado ina maana, wakati siku hizi mtoto wa Masaki, mtaa wa wenye nazo Dar, anacheza singeli, muziki wa kasi wa uswahilini, na mistari anaijua yote. Wengi waliochangia hapo juu wameshakubali kwamba imepitwa na wakati. Mi sikubali, na naongea kama mtu aliyesoma sosholojia huku wikiendi napiga muziki kwenye maharusi, kumbi za Mikocheni na Mbezi Beach mpaka shughuli za mtaani Tandale na Manzese.

Bourdieu kitabu chake kilitoka Ufaransa 1979 ila data ni za miaka ya 60, watu 1,217, wakaulizwa mpaka wanawaandalia wageni chakula gani na kitu gani kikipigwa picha kinapendeza, akaona majibu yanajipanga kwa elimu na malezi ya nyumbani. Halafu 1996 watafiti Peterson na Kern wakalinganisha takwimu za Marekani za 1982 na 1992, wakakuta wale wapenzi wa opera na klasiki ndo haohao wanaosikiliza na aina nyingi za muziki unaoitwa wa "chini", wakawaita omnivora, yaani walaji wa kila kitu. Wengi wenu mmesimama hapo. Sasa mwaka huohuo, kwenye jarida lilelile la Peterson na Kern, mtafiti Bethany Bryson akaonesha kwamba wenye elimu kweli wanavumilia miziki mingi, ila ile wanayoikataa ni ile ambayo mashabiki wake ndo wenye elimu ndogo zaidi, rap, hevi meta, kantri na injili. Yaani mlango umefunguliwa lakini mlinzi bado yupo.

Huyo mlinzi mimi namuona kila Jumamosi. Harusi ya watu wenye nazo, kamati inakuletea orodha imechapwa kabisa, na singeli imo, tena wanasisitiza isikosekane. Lakini angalia imewekwa wapi. Keki imeshakatwa, zawadi zimeshatolewa, wazee wa meza kuu wanaanza kuaga, hapo MC anatania "haya sasa twendeni uswahilini!" watu wanacheka, viatu vinavuliwa, simu zinatolewa wanajirekodi, nyimbo mbili tatu basi unaambiwa rudisha amapiano. Kuna siku niliachia ikaendelea kwa sababu ukumbi ulikuwa unawaka kweli, mama mmoja wa kamati akaja mpaka mezani kwangu akaniinamia sikioni, "mwanangu, hapa sio kigodoro," yaani sio ngoma ya usiku ya mtaani. Na ni yeye alikuwa katikati ya duara dakika tano nyuma!

Siku hiyohiyo dogo langu wa spika, mzaliwa wa Tandale, nyimbo zile anazijua kuliko ukumbi mzima, alikuwa anacheza zake pembeni ya jukwaa wala hamgusi mtu. Akafuatwa akaambiwa akakae. Wimbo uleule, ukumbi uleule. Wageni wakicheza ni burudani, yeye akicheza ni uswahili. Kwa hiyo swali la nani anapenda nini halitoshi, uliza nani anaruhusiwa kushuka na kupanda tena bila kupungukiwa kitu. Tandale kwenyewe hakuna anayeitangaza singeli kama utani, ndo shughuli yenyewe, MC anaghani majina ya wanaotunza na inakwenda mpaka asubuhi.

Mfano mwingine wa haraka, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Mburahati 2017, singeli ikaanza kupigwa kwenye matamasha ya Ulaya, na hapo ndo nikaanza kusikia watu wa mjini waliokuwa wanaiita kelele wakisema ni sanaa. Muziki haukubadilika hata kidogo.

Sasa ugomvi wa mbinu, maana umesema unaandika tasnifu. Ukimpelekea yule mama dodoso ataweka tiki kwenye singeli, na kwenye jedwali lako atatoka omnivora safi. Mtafiti LaPiere alishaliona hili 1934, alizunguka Marekani na wanandoa Wachina, hoteli na migahawa 251, wakakataliwa sehemu moja tu, baadaye akawaandikia barua kuuliza kama wanapokea Wachina na zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu wakasema hapana. Wanasosholojia Jerolmack na Khan wakalifufua 2014, wakasema watafiti wanachukua maneno ya watu kama ndo matendo yao. Wenzao Lamont na Swidler wakawajibu kwamba mahojiano yana kazi yake, yanakuonesha mtu anavyojifikiria na anatamani kuwa nani. Mi naona wote wana haki, ila kwa swali lako wewe dodoso peke yake litakudanganya, yule mama hakusema uongo popote, anaipenda singeli kweli, kwa dakika kumi.

Kwa hiyo usiulize "unapenda muziki gani". Uliza nani alipanga orodha, wimbo uliwekwa saa ngapi, nani alikuja kuomba usimamishwe na alisema nini, na nani aliambiwa akae. Kaa karibu na meza ya DJ sio meza ya wageni. Ukikosa ukumbi njoo PM, wikiendi nakuwa na kazi na mtu wa kubeba nyaya anahitajika siku zote.